Vazi la Mama Anyonyeshaye: Namna ya Kulichagua na Kulinunua bila Kupunjwa

Mama anyonyeshaye ni mlaji kama walaji wengine, lakini nguo anayoinunua hufanya kazi ambayo nguo nyingi hazifanyi. Yapasa imsitiri mbele za watu, ifunguke na kufungwa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku wakati mtoto angali mchanga, istahimili kufuliwa kila mara, na iguse ngozi laini ya mtoto bila kuidhuru. Kwa sababu hiyo, makosa madogo ambayo mnunuzi mwingine angeyavumilia, kama vile kifungo kigumu, rangi inayochuja au kitambaa kisichopitisha hewa, kwake huwa makubwa.

Katika somo hili tumeichukua Kingerikiti kuwa mfano. Kata hiyo imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, na mazingira yake yanatufaa kwa jambo tunalotaka kulieleza. Wakazi wa upande huu wa Ruvuma huishi kati ya hali mbili za hewa. Huko juu, katika milima ya Umatengo, asubuhi za mwezi Juni na Julai huwa na baridi inayomlazimu mtu kuvaa sweta. Mtu akiteremka hadi Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hukutana na joto na unyevu. Mama anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kliniki, gulioni au kuuza mazao yake huweza kupita katika hali zote mbili kwa siku moja, mtoto akiwa mgongoni.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mama akiwa nyumbani, nguo yoyote humfaa. Akiwa ndani ya basi lililojaa, amebanwa kati ya abiria wawili, na gauni lake limefungwa kwa zipu mgongoni, hana njia ya kumnyonyesha mtoto isipokuwa kulipandisha gauni lote. Wengi hawakubali kufanya hivyo, wala hatuwalaumu. Matokeo yake ni kwamba mtoto analia njia nzima, au anapewa maji ya chupa, au uji uliofungwa nyumbani. Ilhali Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee, hata maji asipewe, kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Ushauri huo huvunjwa njiani na sokoni, mara nyingi kwa sababu ya blauzi tu.

Twaomba pia msomaji asilichukulie somo hili kuwa la kumwagiza mama ajifiche. Kumlisha mtoto mwenye njaa si jambo la aibu mahali popote. Mwezi Mei 2018 akina mama waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kulalamika kwamba, alipokuwa akinyonyesha katika mkahawa, alitakiwa ajifunike au ahamie chooni. Tunawaelewa. Chooni si mahali pa kumlishia mtu, awe mkubwa au mdogo. Hata hivyo, wako akina mama wengi wapendao kujisitiri, kwa haya, kwa desturi au kwa imani yao, na hao wana haki ya kupata nguo nzuri, ya heshima na ya kustarehesha, kwa bei inayolingana na thamani yake.

Tuanze na hiyo bei. Siku hizi madukani, na zaidi katika mitandao ya kijamii, kuna nguo ziitwazo "nguo za kunyonyeshea". Baadhi yake zimeshonwa kwa ustadi. Nyingine ni magauni ya kawaida yaliyoongezwa zipu mbili na jina hilo, kisha bei ikapandishwa. Jina lenyewe halimpi mnunuzi uhakika wowote. Uhakika huupata kwa kuijaribu nguo, na jaribio tunalolipendekeza halihitaji chombo chochote.

Ukiwa dukani, mpakate mtoto kwa mkono mmoja, au kama hukuja naye, kunja kanga uishike kana kwamba ni mtoto. Kisha jaribu kuifungua nguo kwa mkono uliobaki bila kuitazama. Ifunge tena kwa mkono huohuo. Badilisha upande, urudie. Nguo ambayo huwezi kuifungua kwa mkono wa kushoto haitakufaa, kwa kuwa nusu ya maisha yako ya kunyonyesha utautegemea mkono huo. Fanya hivyo ukiwa umeketi, kwa sababu nguo inayofunguka vizuri umesimama huweza kujikunja na kukaza tumboni ukikaa. Mwisho, mwombe uliyeandamana naye akutazame kutoka ubavuni. Mama hujiona kutoka juu, lakini abiria wa kiti cha pili humwona kutoka upande, na huko ndiko nguo nyingi zinakoshindwa kusitiri.

Mishono inayofaulu jaribio hili si mingi. Ulio rahisi kuliko yote ni blauzi au gauni lenye vifungo mbele, kuanzia shingoni hadi chini kidogo ya kifua. Ni mshono wa zamani, kila fundi anaujua, na kifungo kikikatika hununuliwa kingine. Kasoro yake ni kwamba ukifungua kutoka juu, sehemu ya juu ya titi hubaki wazi. Wapo wanaofungua vifungo vya katikati tu na kuviacha vya juu, na hilo huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Mshono wa pili ni wa pande mbili za kitambaa zinazopishana kifuani, kama shuka lililofungwa. Hupendeza, hufuata umbo la mama linapobadilika baada ya kujifungua, na hufunguka kwa kuvuta upande mmoja tu. Hapa angalia upana wa sehemu inayopishana. Ukiwa mdogo, nguo itaachia kila utakapoinama kuchota maji.

Wa tatu, ambao sisi tunaupendelea kwa safari, ni wa tabaka mbili. Tabaka la ndani limebana kiasi na lina nafasi iliyokatwa mbele ya kila titi. Tabaka la nje ni pana, limeshonwa mabegani tu, na huning'inia hadi chini ya kifua. Mama huinua tabaka la nje kwa vidole viwili, humweka mtoto, kisha huliacha literemke. Tumbo na mgongo havionekani, wala hapana kitambaa kinachomfunika mtoto uso. Huko milimani tabaka hizo mbili huongeza joto mwilini. Kwa matumizi ya ufukweni, fundi atumie kitambaa chepesi.

Kuhusu dera, tuseme wazi kwamba upana wake humdanganya mnunuzi. Ni vazi la kustarehesha, lakini mengi hayana nafasi yoyote kifuani, hivyo mama hulazimika kulipandisha kutoka chini. Fundi anaweza kulirekebisha kwa kufumua mshono wa kila upande, chini ya kwapa, na kutia zipu iliyofichwa yenye urefu wa sentimita 20 hivi. Zipu iwe ya plastiki, iwe na ukanda wa kitambaa nyuma yake ili meno yasimkwaruze mtoto, na ishuke kuelekea chini inapofunguliwa. Kazi hiyo ni ndogo, na aghalabu gharama yake ni nafuu kuliko kununua gauni jipya.

Na kanga je? Tangu zilipoenea Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kanga zimefanya kazi ya kusitiri bila kuhitaji jina la kibiashara. Kanga moja ina urefu wa takribani mita 1.5 na upana wa mita 1.1 hivi, nayo huuzwa kwa doti, yaani mbili pamoja. Mama mwenye doti moja ya pamba anaweza kumbebea mtoto kwa moja na kujitanda nyingine begani wakati wa kunyonyesha. Iwapo utajitanda, usimfunike mtoto uso kabisa, hasa kwenye joto la ziwani au ndani ya gari. Acha uwazi ili hewa ipite na ili uweze kumwona anavyopumua. Usitumie kwa kazi hiyo kitambaa kizito wala cha nailoni.

Neno "pamba" sasa latutaka tulieleze, kwa maana ndilo linalotamkwa zaidi na wauzaji wa vitambaa, na si kila mara kwa ukweli. Pamba hunyonya jasho, hupitisha hewa na hustahimili kuchemshwa. Poliesta haikunjamani ovyo, hukauka upesi na huhifadhi rangi, lakini hushika joto na haifyonzi maziwa yanayovuja, hivyo kifua hubaki kimelowa. Kitambaa chenye mchanganyiko wa vitu hivyo viwili si kibaya, mradi muuzaji akuambie kuwa ni mchanganyiko na bei iwe ya mchanganyiko. Kosa ni kumwuzia mtu poliesta kwa jina la pamba.

Kulitambua si kugumu. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, naomba nyuzi mbili tatu za pembeni nizijaribu." Muuzaji mwaminifu hatakataa nyuzi za ukingoni. Zipeleke mbali na vitambaa na mbali na mtoto, kisha uziwashe kwa kiberiti juu ya mchanga au sahani ya bati. Uzi wa pamba huwaka kwa mwali wa manjano, hutoa harufu ya karatasi inayoungua, na huacha majivu laini yanayosagika vidoleni. Uzi wa poliesta hujikunyata kabla ya kushika moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ukipoa huacha kidonge kigumu kama ushanga. Ukipata majivu pamoja na vidonge, huo ni mchanganyiko. Chukua nyuzi za urefu na za upana pia, kwa kuwa vipo vitambaa vyenye pamba upande mmoja tu. Wengine hutumia tone la maji, wakisema pamba hulinywa mara moja. Jaribio hilo halitoshi, kwa sababu kitambaa kipya cha pamba huwa kimetiwa wanga wa kukikaza, na maji huweza kukaa juu yake kama juu ya jani la mgomba.

Jaribu na rangi. Lowesha kipande cha kitambaa cheupe, ukisugue juu ya kitenge au kanga mara kumi. Alama hafifu ni ya kawaida kwa nguo mpya. Rangi nzito ikihamia kwenye kitambaa cheupe, fahamu kwamba itahamia pia shavuni na mdomoni mwa mtoto anaponyonya huku amelalia kifua chako. Kuloweka nguo ya namna hiyo katika chumvi, kama wengi wanavyoshauriana, hakuwezi kuisahihisha rangi ambayo kiwandani haikushikishwa vizuri. Ni afadhali ukiache kitambaa hicho dukani. Na nguo yoyote mpya ifuliwe kwanza kabla ya kuvaliwa, ili wanga, vumbi na mabaki ya dawa za kiwandani yatoke.

Twende kwenye vipimo, maana hapo fedha nyingi hupotea bila mnunuzi kujua. Yadi 1 ni sentimita 91.44. Mita 1 ni sentimita 100. Muuzaji akikuuzia "mita 6" za kitenge huku akipima kwa fimbo ya yadi, au kwa kunyoosha mkono kutoka kifuani, umepoteza zaidi ya sentimita 51. Hicho si kipande cha kupuuzwa. Chatosha kabisa kushonea lile tabaka la nje la blauzi tuliyoieleza. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka vipimo vya kibiashara vihakikiwe na kugongwa chapa na Wakala wa Vipimo. Fimbo ya mita isiyo na chapa, au iliyokatwa ncha, ni sababu ya kutosha ya kuomba kitambaa kipimwe tena. Tunashauri mama awe na tepu yake ya fundi mkobani. Ni ya bei ndogo na humaliza ubishi. Kwa vitenge vilivyokwisha kukatwa na kukunjwa, vikunjue uvipime kabla ya kulipa, na uangalie pia kama katikati hapana tundu, doa au sehemu ambayo uchapaji wake umeruka.

Kitambaa kikishanunuliwa, kifue kabla ya kukipeleka kwa fundi. Kitenge cha pamba huweza kurudi kwa sentimita kadhaa kwa kila mita katika ufuaji wa kwanza, na blauzi iliyoshonwa kabla ya kufuliwa itabana mahali ambapo mama anyonyeshaye hataki kubanwa.

Mapatano na fundi cherehani yanastahili uangalifu kuliko yanavyopewa. Watu wengi humkabidhi kitambaa, hutoa arubuni, huambiwa "njoo Jumamosi", basi. Sisi tungependa mama aandike, hata katika karatasi ya daftari, tarehe, kiasi cha kitambaa alichokabidhi, mshono walioafikiana, bei, arubuni iliyotolewa na siku ya kuchukua nguo, kisha wote wawili watie saini. Kama kuna picha ya mshono, mwachie fundi nakala na wewe ubaki na nyingine. Mwambie bayana kwamba nguo ni ya kunyonyeshea. Maneno hayo yana uzito wake: mtu aliyeelezwa shabaha ya kazi na akaikubali hawezi baadaye kusema hakujua kwamba mama angehitaji kuifungua kifuani. Mabaki ya kitambaa ni mali yako, uyaombe. Yatafaa kwa kiraka na kwa vitambaa vya kuzuia maziwa.

Kupima mwili nako kuna wakati wake. Kifua cha mama hubadilika sana katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua, na hubadilika tena kila siku kati ya kabla na baada ya kunyonyesha. Mwenye kushonesha nguo wakati wa ujauzito amwombe fundi aache akiba ya mshono ya sentimita 3 kila upande ili iweze kupanuliwa. Aliyekwisha kujifungua apimwe matiti yakiwa yamejaa. Fundi mzoefu, na hasa mafundi wanawake waliokwisha kulea, hulijua hili bila kuambiwa, lakini si vibaya kulisema. Vifungo viwe vikubwa kiasi cha kushikwa upesi, vishonwe kwa uzi imara, kwa kuwa kifungo kilicholegea huishia mdomoni mwa mtoto. Usiruhusu shanga wala mapambo ya kubandika kifuani. Nyuzi ndefu zilizobaki ndani zikatwe, kwani zinaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu.

Kuhusu rangi na pambo, tuna neno moja. Maziwa yakivuja huonekana mara moja juu ya kitambaa cha rangi moja, hasa cha kijivu au cha samawati mpauko. Maua makubwa ya kitenge huyaficha. Mama anaweza kupendeza na kuwa na amani kwa uamuzi huo mmoja.

Sasa tufike kwenye sidiria, bidhaa ambayo katika somo zima ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Magulioni, sidiria za mitumba huweza kuonekana zimening'inizwa au kumwagwa juu ya turubai pamoja na nguo nyingine. Mnunuzi aelewe kwamba Kiwango cha Taifa TZS 758 cha mwaka 2003, kihusucho ukaguzi wa nguo zilizokwisha kutumika, kinakataza nguo za ndani za mitumba. Sidiria imo, na soksi pia zimo. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ndilo lenye jukumu la kusimamia kiwango hicho. Katazo hili si la kumkomoa mfanyabiashara mdogo. Nguo inayogusa sehemu za siri za mwili huweza kubeba vimelea vya magonjwa ya ngozi, na kwa mama anyonyeshaye ngozi ya chuchu mara nyingi ina mipasuko midogo, kisha mdomo wa mtoto hufuata hapohapo.

Lipo na jambo la pili. Sidiria iliyovaliwa na mwingine imekwisha kufuata umbo la huyo mwingine, na lastiki yake imechoka mahali fulani na kukaza mahali pengine. Sidiria inayobana, na hasa yenye waya chini, huweza kuzuia maziwa yasitoke vizuri katika sehemu moja ya titi. Titi huanza kuuma, huwa na donge gumu, na likiachwa laweza kupata uambukizo wenye homa. Mama mwenye dalili hizo aende kituo cha afya na aendelee kunyonyesha isipokuwa mtaalamu amwambie vingine. Mwenye fedha kidogo ni heri anunue sidiria mpya moja, ya pamba, isiyo na waya, yenye mikanda mipana mabegani na kikombe kinachofunguka kwa kishikizo cha juu, kuliko kununua tatu za mitumba. Aijaribu kwa mkono mmoja kama tulivyoeleza. Asiyeipata ashonewe kizibao cha pamba kinachopishana mbele, ambacho hufanya kazi hiyohiyo. Na badala ya vitambaa vya kununua vya kuzuia maziwa, kanga iliyochakaa ikikatwa duara na kushonwa tabaka tatu au nne hutosha kabisa, ibadilishwe kila inapolowa.

Nguo za mitumba za nje, kama blauzi za vifungo na mashati, hazikatazwi, na nyingine ni imara kuliko mpya. Zikague kwapani na kwenye mishono, zinuse, kisha zifue kwa maji ya moto. Zikianikwa nje zipigwe pasi pande zote, hata pasi ya mkaa yatosha, kwa kuwa yuko inzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na mabuu yake huingia katika ngozi na kuleta majipu. Nguo za mtoto na mbeleko zisiachwe nyuma.

Anayenunua kwa simu kutoka Songea au Dar es Salaam, mzigo ukaletwa kwa basi hadi Mbinga, anunue kwa tahadhari zaidi. Picha haina uzito wala harufu ya uzi unaoungua. Muulize muuzaji kwa maandishi, si kwa mdomo, nguo ni ya kitambaa gani, inafunguka wapi, na kifua chake kina sentimita ngapi. Hifadhi majibu hayo pamoja na ujumbe wa malipo. Kama anakubali kulipwa mzigo ukifika, chagua njia hiyo.

Kwa mama aliyeajiriwa, awe mwalimu, muuguzi au karani wa chama cha ushirika, vazi jema humwezesha pia kuitumia haki aliyopewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, na akirudi kazini inamtaka mwajiri amruhusu kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku.

Pengine umekwisha kununua na umegundua kasoro. Pamba imekuwa poliesta, mita imekuwa yadi, au gauni lililosifiwa kuwa la kunyonyeshea halifunguki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au matumizi ya bidhaa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kile kibao cha ukutani kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hakimwondolei muuzaji wajibu huo. Tofautisha lakini: ukiirudisha nguo kwa sababu tu umeichoka rangi yake, hapo unaomba hisani, na muuzaji ana hiari.

Rudi kwanza kwa muuzaji, mapema, nguo ikiwa haijafuliwa wala kukatwa. Zungumza naye kwa utulivu, umwonyeshe kasoro na risiti. Muuzaji wa gulio asiye na mashine ya risiti bado anaweza kukuandikia karatasi yenye jina lake, bidhaa, bei na tarehe. Iombe siku ya kununua, maana siku ya malalamiko utakuwa umechelewa, na gulio lenyewe huenda limehamia kijiji kingine. Msipoelewana, mwone ofisa biashara wa halmashauri ya wilaya, Mbamba Bay. Jambo la kipimo lipelekwe Wakala wa Vipimo, la ubora na la nguo za ndani za mitumba lipelekwe TBS, na la udanganyifu katika biashara lipelekwe Tume ya Ushindani. Utakapokwenda chukua risiti, nguo yenyewe, karatasi ya mapatano kama ni kazi ya fundi, na zile nyuzi ulizochoma, zimefungwa ndani ya kipande cha karatasi.